Sista, nikilia wadini nitafukuzwa?

MEZA YA SISTA

Barua za mwezi huu zimenijia kama wagonjwa wa Jumatatu asubuhi, zote mlangoni kwa mpigo mmoja, na karibu nusu zimetoka kwa wanafunzi wa uuguzi au watu wanaoishi nao. Nimechukua nne. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Likoni, nimefanya kazi wadini hapa Nairobi miaka 34, na viatu vyangu vyeupe vya mwisho bado viko chini ya kitanda kwa sababu sijapata moyo wa kuvitupa. Barua nimezifupisha, majina ya hospitali na vyuo nimeyatoa. Anayejitambua ajitambue kimyakimya.

*Shikamoo Sista. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, naishi Githurai kwa binamu yangu. Wiki tatu zilizopita nilikuwa zamu ya usiku, wadi ya wanaume. Kitanda cha tisa kulikuwa na mzee aliyekuwa akiniita "daktari mdogo", na kila nikimpima presha ananiuliza kama nimekula. Saa tisa usiku akaanza kupumua vibaya. Nilikimbia kumwita muuguzi wa zamu. Wauguzi walikuwa wawili tu, mmoja amempeleka mtu tiyeta, chumba cha upasuaji, mwingine ameshikwa na mgonjwa upande wa pili. Tulipofika mzee alikuwa ameshaenda. Nikaambiwa nimwandae. Sikuwahi kufanya hivyo peke yangu. Nililia huku nikimfunga taya. Inchaji wa asubuhi, yaani muuguzi mkuu wa wadi, aliniona macho mekundu akasema mbele ya wenzangu, "Hapa si matangani. Ukimlilia mmoja, hao 38 waliobaki watahudumiwa na nani?" Kisha nikatumwa kugawa uji.*

*Tangu siku hiyo silali. Nikisikia harufu ya ile dawa ya sakafu, hata nikiwa benki, moyo unaenda mbio. Mikono inatetemeka nikishika sindano. Wiki iliyopita nilijificha chumba cha bedipani dakika ishirini. Nawaza kwamba ningemwahi mapema angepona. Baba aliuza ng'ombe wawili nikajiunga na chuo, siwezi kumwambia naacha. Jioni moja nimesimama kando ya Thika Road nikawaza, basi moja tu likikosea njia nitapumzika. Nikisema nitaonekana sifai, na nimesikia ukiandikwa una shida ya akili hupati leseni. Sista, nikilia wadini nitafukuzwa?*
— Daktari Mdogo, Githurai

Marahaba, mwanangu. Nitaanzia mwisho wa barua yako, pale kando ya Thika Road, halafu nitarudi kwa mzee.

Barua yako ilipofika, mhariri aliipiga ile namba uliyoacha kabla hata ya kuniletea mimi. Ulimwambia mhariri kwamba binamu yako sasa anajua na kwamba hulali peke yako. Vizuri. Lakini wako wasomaji wenye wazo kama lako ambao hawakutuachia namba, kwa hiyo hili naliandika kwa wote. Wazo la "nipumzike tu" ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Halikufanyi mwendawazimu. Ila homa nayo hatuiachi mpaka mtu aanze kuweweseka. Ukimshuku mwenzako, muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Kumuuliza hivyo hakumtii kichwani wazo ambalo hakuwa nalo, na mara nyingi humtua mzigo. Jibu likiwa ndiyo, asiachwe peke yake usiku huo. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya haitozi kitu. Befrienders Kenya, wanaowasikiliza wenye mawazo ya kujiua, wako kwenye 0722 178 177. Idara ya dharura ya hospitali yoyote ni mlango pia, na nyinyi wanafunzi njia ya kufika huko mnaijua gizani.

Kuna wanaonyamaza kwa kuogopa polisi. Zamani walikuwa na sababu, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kifungo hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mimi niliwahi kumsafisha kidonda kijana aliyefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, askari ameketi pembeni anasoma gazeti. Sina hamu ya kuiona picha hiyo tena.

Sasa mzee wako. Unasema ungemwahi angepona. Mgonjwa anayebadilika pumzi saa tisa usiku hakuanza kuugua saa tisa usiku. Kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili ni kuona mabadiliko na kumwita aliye juu yake. Uliona. Uliita, tena mbio. Kwamba uliyemwita alikuwa na mwili mmoja na wagonjwa 39, hilo si deni lako. Lina wenyewe, na wenyewe hawafanyi zamu za usiku.

Nikusimulie yangu, maana nimeikalia muda mrefu. Mwaka 1981 nilikuwa mwaka wa tatu, wadi ya watoto ambayo sitaitaja. Alinifia mtoto wa miaka minne, surua. Sista wa wadi alinipa beseni, pamba na bendeji, akaniambia nimalize kabla ya chai. Nikamwosha. Nikamfumba macho, nikafunga taya, nikavifunga pamoja vidole gumba vya miguu. Vilikuwa vidogo, bendeji ikawa inateleza, nikaifunga mara tatu. Kisha nikaandika jina lake kwenye kipande cha plasta nikakibandika juu ya shuka, kifuani. Babake akaja. Aliisoma ile plasta muda mrefu kuliko jina lenyewe lilivyo. Akaniomba kalamu. Akaongeza herufi moja niliyoiruka, akanirudishia kalamu, akasema asante. Mimi nikaenda kugawa chai. Niligawa vikombe 26 bila kumwaga hata tone, na sista akanisifu kwamba sasa nimekomaa.

Kukomaa gani? Nilikuwa nimeganda kama samli ya mwezi wa Julai. Miezi minne iliyofuata, kila nikiandika jina la mtu, hata langu mwenyewe, nilikuwa nahesabu herufi.

Aliyenifungua hakuwa mwalimu wala daktari. Alikuwa mzee mmoja wa Machakos, mhudumu wa kusukuma machela. Alinikuta nimekaa ngazi za nyuma, akaketi ngazi moja chini yangu, akauliza, "Yule mtoto wa plasta, alikuwa anaitwaje?" Nikamtajia. "Alikuwa anapenda nini?" Nikasema alikuwa anapenda kuishika saa yangu ya kifuani, anaisikiliza kama redio. Hapo nililia mpaka kofia ikaanguka, na siku hizo kofia ya muuguzi kuanguka ilikuwa aibu kuliko kulia kwenyewe.

Kwa hiyo, kuhusu kufukuzwa: katika miaka yote hiyo sijasoma kanuni, ya chuo wala ya Baraza la Wauguzi, inayoorodhesha machozi kati ya makosa. Unajizuia ukiwa mbele ya mgonjwa anayekuhitaji, halafu unalia ukipata nafasi. Inchaji wako alikosea, si kwa kukukumbusha wale 38, bali kwa kukutuma kwao bila kukuuliza lolote kuhusu huyo mmoja. Na kuhusu leseni, mshauri au daktari utakayemwendea anabanwa na siri ileile unayofundishwa wewe. Kinachonitisha mimi ni hiyo mikono inayotetemeka ikiendelea kuvuta dawa kwenye bomba la sindano kimyakimya, mpaka siku dozi ikoseke.

Harufu kukushtua, picha ileile kurudi, usingizi kukimbia: mwili wako bado umesimama kando ya kitanda cha tisa, haujaambiwa zamu imekwisha. Kwa watu wengi hali hii hupoa yenyewe ndani ya wiki chache. Ikivuka mwezi haijapoa, ina jina lake na matibabu yake. Wewe uko wiki ya tatu na tayari umewaza habari za basi, kwa hiyo usingoje kalenda. Tena moyo mzito au kutopenda chochote kukidumu wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, hapo tunafikiria sonona. Utapewa karatasi ya maswali tisa kuhusu hizo wiki mbili: usingizi, hamu ya kula, nguvu, kujilaumu. La mwisho linauliza kuhusu mawazo ya kufa. Wanafunzi wa uuguzi nawajua. Karatasi hiyo mmewajazia wagonjwa mara nyingi, na ikija zamu yenu mnajua kabisa ni majibu gani yatawatoa nje haraka. Usiidanganye.

Pa kwenda. Najua jina la Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, linavyotumika mjini, hata makanga wanalitumia kutukanana. Hospitali ile ipo tangu 1910, na mazoezi yangu ya afya ya akili niliyafanyia pale. Nilikuta watu wanaofua nguo, wanaobishana juu ya mpira, na mama mmoja aliyenifundisha kusuka ukili kuliko shangazi zangu wote. Lakini si lazima mlango wako wa kwanza uwe huo. Anza na mshauri wa wanafunzi chuoni, au mwalimu yeyote wa kliniki ambaye ukimwona moyo haukudundi. Na ukifika usianze na "samahani kwa kukusumbua". Sema: "Mgonjwa alinifia wiki tatu zilizopita. Tangu siku hiyo silali, mikono inatetemeka, na nimewaza kufa. Naomba nisipangwe usiku kwa sasa, na naomba nionwe." Ukiona midomo itakataa, iandike kwenye simu umpe asome.

Na leo jioni chukua daftari. Andika jina la yule mzee, si namba ya kitanda. Andika alichokuuliza kuhusu chakula, ulichofanya saa tisa usiku, na kile kinachokurudia. Umsomee binamu yako. Usijali mwandiko.

Baba na ng'ombe wake: mpigie. Usimwambie "naacha", mwambie "nimefiwa na mgonjwa na silali". Wafugaji wanajua kukesha na anayekufa kuliko unavyodhani. Habari ya kuacha au kubaki iweke kando kwanza, maana huo ni uamuzi wa mtu aliyelala. Nimewajua walioacha uuguzi wakawa watu wazima wenye furaha, mmoja ana duka la vitambaa Eastleigh na ananipunguzia bei. Hata yeye aliamua mchana.

*Sista, nilijidunga sindano iliyotumika nikijaribu kuifunga tena kifuniko. Nilinawa nikanyamaza, kwa sababu mwenzangu alipojidunga aliitwa mzembe mbele ya wote na akaandikiwa barua ya onyo. Leo ni siku ya nne. Kila nikikohoa naona ndiyo hiyo. Nimeacha hata kula sahani moja na wenzangu hosteli, nasema nina asidi. Nimwambie nani?*
— Kidole, Ngara

Kidole mwanangu, barua uliiandika siku ya nne, imenifikia siku ya kumi na moja. Gazeti si ambulensi. Dawa za kukinga virusi vya Ukimwi, zile za PEP, huanzwa ndani ya saa 72 tangu ujidunge, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Dirisha hilo kwako limeshapita, nami sitalifunika kwa maneno matamu.

Yaliyobaki ni mengi kuliko unavyofikiri saa nane usiku ukiwa macho. Kwa sindano moja yenye damu ya mtu mwenye virusi vya Ukimwi, maambukizi hutokea takriban mara 3 katika kila sindano 1,000. Na wewe hujui hata kama mgonjwa huyo alikuwa navyo. Homa ya ini ya aina ya B huambukiza kwa urahisi zaidi kwa njia hiyo, kwa hiyo itafute kadi yako ya chanjo uone kama ulimaliza dozi tatu. Kesho asubuhi nenda ukapimwe, uwaambie tarehe kamili ya tukio, na urudie vipimo watakavyokupangia. Sahani ya wenzako haina neno. Hilo ulifundishwa muhula wa kwanza, ila woga hausomi noti, nakuelewa. Rudi mezani.

Wengine mnaosoma: maji yanayotiririka na sabuni, usikamue kidole, na uripoti saa ileile. Siyo baada ya zamu. Na sindano iliyotumika haifunikwi tena, hata ukiwa na haraka gani.

Kwa aliyeandika ile barua ya onyo: karatasi yako imemnyamazisha huyu aliyeiona akapoteza saa 72, na hujui imewanyamazisha wengine wangapi. Uzembe kama ulikuwepo, ungeuzungumza mwezi ujao. Damu ilitaka kushughulikiwa siku ileile.

*Sista mwenzangu, nakusoma kila mwezi na safari hii nimekasirika. Nina wagonjwa 42, wauguzi watatu, na wanafunzi kumi na mmoja wanaoshika simu kuliko chati. Mmoja akiona damu anataka siku ya kupumzika. Sisi tulipigiwa kelele na tukawa imara. Nyinyi waandishi mnawadekeza.*
— Inchaji, Eastlands

Simu, uko sahihi. Mwanafunzi anayehesabu mapigo ya moyo huku akitazama video anastahili kelele, na mimi ningekusaidia kuzipiga. Hilo limekwisha.

Hilo la "tulipigiwa kelele tukawa imara" ndilo nataka tulikalie. Imara nani? Darasani kwetu nawakumbuka wawili walioanza na bia moja baada ya zamu, mwishowe pombe ikawanywa wao. Namkumbuka mmoja aliyekuwa hodari kuliko sote, aliyefika mahali hawezi kumgusa mgonjwa bila kumfokea. Tukiwahesabu walioimarika tuwahesabu na hao.

Mwaka 1960 mtafiti mmoja, Isabel Menzies, alichapisha aliyoyaona katika hospitali kubwa ya mafunzo mjini London. Karibu theluthi ya wanafunzi wa uuguzi pale hawakuwa wakimaliza mafunzo, wengi kwa kuacha wenyewe. Alikuta kazi imekatwakatwa vipande, huyu anapima joto wadi nzima, yule anagawa bedipani wadi nzima, ili asitokee mwanafunzi wa kumjua mgonjwa mmoja vizuri. Wagonjwa wakaitwa "ini la kitanda cha kumi" na "nimonia ya kitanda cha kumi na tano". Mpango mzima ulikuwa ngao ya kuwakinga wauguzi na uchungu wa kazi. Menzies akasema uchungu haukuondoka, ulikosa tu pa kutokea. Inchaji wangu, kesho simama pembeni usikilize ripoti yenu ya kukabidhiana zamu, uhesabu ni wagonjwa wangapi wametajwa kwa jina.

Sikuambii ubadilishe serikali ikuletee wauguzi kumi. Mgonjwa akifa kwenye zamu yako, kabla mwanafunzi hajashika njia ya stejini, ingia naye stoo ya mashuka, mfunge mlango. Dakika kumi. Alikuwa anaitwaje? Nini kilitokea? Wewe ulifanya nini? Nini unaona kitakufuata nyumbani? Usimfundishe kitu dakika hizo, hata kama amekosea. Kosa utalisahihisha kesho. Na mtu anayeandaa maiti mara ya kwanza maishani asiachwe peke yake, hata iwe usiku wa wauguzi wawili. Simama naye angalau mpaka macho yafumbwe. Utasema dakika kumi huna. Barua yako ina maneno 600, mimi nimeikata.

Halafu nikuulize wewe. Uliituma saa saba na dakika arobaini usiku, nimeona. Siku ile mgonjwa wako wa kwanza alipofariki, nani aliingia nawe stoo? Ukitaka kunijibu, jibu halitachapishwa.

*Habari ya kazi Sista. Binti yangu anasomea uuguzi, yuko zamu za usiku mwezi huu. Akirudi hapa Rongai saa mbili asubuhi anaanguka kitandani na soksi. Saa tano nikimwamsha aoshe vyombo ananijibu vibaya, yeye ambaye hakuwahi kuniinulia sauti. Kanisani haji. Chakula chake ni mkate na chai ya rangi. Juzi nimekuta muguka kwenye mfuko wa koti lake. Ni uvivu au ni marafiki?*
— Mama wa Mmoja, Rongai

Mama, saa tano asubuhi kwa binti yako ni kama saa nane usiku kwako. Ungeamshwa saa nane usiku uoshe masufuria, ungejibu lugha gani?

Mwili wa binadamu una saa yake. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri joto la mwili hushuka chini kabisa na kichwa huwa kizito, na hapo ndipo yeye anasoma dozi kwenye lebo za herufi ndogo kama sisimizi. Akitoka, jua la Rongai linauambia mwili ni asubuhi, amka. Analala saa nne pale ambapo anahitaji saba au nane, zenyewe za mang'amung'amu. Ukikaa hivyo wiki nzima unakuwa mkali, unasahau, unalia kwa sababu ya kijiko.

Kwa hiyo kwanza giza. Usinunue pazia la bei. Leso mbili nzito, moja juu ya nyingine, misumari minne juu ya fremu ya dirisha, na kipande cha nguo chini ya mlango. Simu yake ikae sebuleni na wewe ndiwe unayeipokea. Vyombo vioshwe saa kumi na moja jioni kabla hajaondoka, au vioshwe na kakake, kama yupo, maana mikono anayo. Ale chakula kamili kabla ya kwenda kazini, hata kama ni ugali wa jana na maharagwe, abebe kingine cha kula kabla ya saa sita usiku. Chai kali aiachie hapo. Kikombe cha saa kumi alfajiri, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa tatu asubuhi anapotafuta usingizi.

Muguka, yale majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi: wengi huuanza ili wasisinzie kazini, si kwa starehe. Mwulize bila kelele anautafuna saa ngapi. Kinachoniogopesha zaidi ni hatua inayofuata, pale aliyetafuna usiku anapotafuta kidonge cha kumlaza mchana, na wadini vidonge haviko mbali. Ukikuta tembe zisizo na karatasi ya dawa, usizitupe chooni ukanyamaza. Zungumza naye siku hiyo, na mpeleke kwa daktari.

Uvivu sijauona kwenye barua yako. Akiwa anacheka siku za mapumziko, anakula, anapiga simu kwa rafiki zake, huo ni usingizi tu na utalipika zamu zikibadilika. Siku za mapumziko nazo zikipita amejifunika gubigubi, hali, haongei, hata nywele hataki kusukwa, na wiki mbili zimekatika, basi rudi juu ya ukurasa huu usome niliyomwandikia wa Githurai, namba zile zile.

Jambo moja nimelikosa. Umeniandikia kurasa tatu, umeniambia soksi, vyombo, kanisa na koti, lakini hukuniambia binti yako yuko wadi gani mwezi huu. Muulize leo akiamka, kisha uniandikie.